Uhusika Bapa na Jukwaa: Mfano wa Margaret Rutherford

Tangu E. M. Forster alipowagawa wahusika wa riwaya mwaka 1927 katika makundi mawili, bapa na duara, wahakiki wengi, wa Kiswahili wakiwemo, wameuhamishia mgawanyo huo katika tamthilia. Makala haya yanadai kuwa uhamisho huo una kasoro: uhusika wa tamthilia haukamiliki katika matini. Tutautazama mfano wa Margaret Rutherford (1892–1972), mwigizaji Mwingereza aliyebobea katika kuwaigiza wahusika wadogo wenye vituko.

Rutherford alizaliwa London. Mamake alifariki yeye angali mchanga. Babake, aliyekuwa amemuua mzazi wake mwaka 1883 kutokana na maradhi ya akili, alirudishwa hospitalini baadaye. Alilelewa na dada ya mamake, akafundisha piano na ufasaha wa kusema, na hakupanda jukwaa la Old Vic hadi mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 33. Nafasi za shujaa wa kike hazikuwa zake. Alibakiwa na za pembezoni.

Mwaka 1941 aliigiza Madame Arcati katika *Blithe Spirit* ya Noël Coward. Arcati ni mwita mizimu apandaye baiskeli, na anaalikwa na mwandishi wa riwaya anayetafuta malighafi ya kumsawiri tapeli. Kimatini, yumo ili achekwe. Rutherford, hata hivyo, hakumdhihaki. Katika filamu ya David Lean ya mwaka 1945, Arcati wake ni mtaalamu anayeiheshimu kazi yake na kuumizwa na kebehi. Matokeo yake ni kwamba kicheko kinabadili mwelekeo: kinamrudia mwandishi yule aliyedhani kwamba amekwisha kumjua mgeni wake. Vivyo hivyo, katika filamu ya mwaka 1952 iliyotokana na tamthilia ya Oscar Wilde, *The Importance of Being Earnest*, aliigiza Miss Prism, mwalimu wa nyumbani aliyewahi kumtia mtoto mchanga mkobani kwa kusahau. Kosa hilo la kuchekesha alilipa uzito wa majuto.

Yamkini msomaji atapinga kwa kuzitaja filamu nne za Miss Marple za mwaka 1961 hadi 1964, ambamo nafsi ya mwigizaji ilimmeza mhusika wa Agatha Christie. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linathibitisha hoja yetu: mwigizaji aweza kumjenga mhusika au kumfunika, na yote mawili ni matendo ya kisanaa yanayostahili kuhakikiwa.

Rutherford alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya mwaka 1963, *The V.I.P.s*. Neno “msaidizi” lisitupotoshe. Tukiendelea kuzifundisha tamthilia kana kwamba ni riwaya zilizoandikwa kwa mazungumzo, tutawahukumu wahusika kuwa bapa kabla hawajapewa mwili na sauti.