Jamaa Aliyenionyesha Kwa Nini Tela Lilikula Ada Yangu: Stori ya Mafundi wa Karatu Ambao Hawatajwi Popote

Wadau, leo hakuna umbea wa msanii. Ila humu ndani kuna watu ambao majina yao hutayaona mpaka unamaliza. Wengi wameshazikwa na hakuna aliyewaandika popote. Mmoja yupo hai, na kaniomba kabisa nisimtaje, anadai akitajwa tu wale wanaomdai watajua gereji yake iko mtaa gani. Basi tumwite Fundi, inatosha.

Tuanze na muvi. Ukimuuliza mzee wa Arusha kuhusu "Hatari!" atakujibu John Wayne kabla hujamaliza swali. Ni sawa, ni muvi ya Howard Hawks, ilipigwa huku kwetu kaskazini enzi za Tanganyika ikatoka 1962. Yule mwigizaji wa Kijerumani, Hardy Krüger, alipapenda Momella mpaka akawa na shamba pale. Sasa ukiirudia hiyo muvi fanya hivi: usimwangalie John Wayne, angalia gari alilopanda. Lile la kukamatia wanyama lina kiti kimefungwa nje kabisa, mbele, pembeni ya injini, na mtu anakaa hapo na mti mrefu wenye kitanzi huku gari linamkimbiza faru. Gari halikutoka kiwandani hivyo. Kuna mtu alipima, akakata chuma, akachomelea, halafu akamwambia mwenzake "kaa tujaribu". Huyo mtu kwenye bango la muvi hayupo.

Karatu tuna watu wa aina hiyo kibao. Na kazi yao kubwa, ambayo hakuna anayeipiga picha akaposti, ni tela.

We simama tu barabarani siku ya mnada uhesabu vinavyovutwa. Mkokoteni wa punda umejaa madumu ya maji. Trekta na tela la mahindi. Land Cruiser ya watalii inaenda Ngorongoro na katela ka mahema na vyombo vya mpishi. Brekidauni imebeba gari lililofia Serengeti huko. Vyote hivyo ni ukoo mmoja, na ukoo huo una tatizo moja ambalo mimi lilinigusa kabla sijajua kama lina jina.

Mwaka niliomaliza form four mama alikuwa anafanya biashara ya vitunguu. Unanunua Mang'ola, kule chini Ziwa Eyasi, unapandisha Karatu, unauza kwa wenye malori. Ile njia wanaoijua wanaijua, vumbi, mawe, halafu kupanda. Nilikuwa nimechaguliwa form five, na ada, godoro na nauli vyote vilikuwa kwenye gunia kumi na mbili. Tukakodi Land Rover ya zamani yenye tela. Kuna gunia nne zilikuwa za kushusha mapema njiani, zikawekwa mwishoni kabisa ili zisisumbue kushusha. Akili ya kawaida, hata wewe ungefanya hivyo. Na juu yake wakakaa vijana wawili waliomba lifti.

Katikati ya mlima tukasikia tu "tak". Pini imeruka. Ule mkono wa tela ukanyanyuka juu kama mtu anayeomba ruhusa darasani, tela likakaa matako, halafu likaanza kurudi nyuma taratibu, na baadaye siyo taratibu tena. Wale vijana waliruka, Mungu mkubwa. Tela likaishia korongoni. Usiku ikanyesha. Kitunguu kilichopondeka na kulowa unakijua bei yake. Mama akasema utaenda mwakani. Mwakani haikufika.

Miaka yote hiyo nilikuwa namlaumu dereva. Nilimchukia kinoma, nikimwona stendi nabadilisha njia.

Mwaka juzi nikaenda kwa Fundi kuchomelea stendi ya pikipiki, nikakuta tela tupu limesimama uwanjani. Sijui ilikuwaje nikaanza kumsimulia ile habari ya vitunguu. Hakunijibu. Akaniambia, "Dogo, panda." Nikapanda. "Nenda nyuma kabisa." Nilipofika mwisho, mkono wa mbele ukanyanyuka, kidogo nianguke. "Haya, rudi mbele." Nikapiga hatua tatu nne, mkono ukashuka ukakaa chini ukatulia. Akasema, "Dereva wenu hana kosa. Walioweka mzigo nao hawana kosa sana. Hilo tela lilikuwa na tairi katikati, si ndiyo?"

Ndiyo. Katikati kabisa. Nilikuwa nalikumbuka vizuri.

Hapa ndipo historia inapoingia, na usiruke maana ndiyo utamu wenyewe.

Kabla ya gari huku mzigo ulikaa kichwani kwa mtu au mgongoni kwa punda. Makaburu walipokuja kutoka Afrika Kusini baada ya vita yao na Waingereza, kama 1904 na 1905 hivi, wakaingia Arusha enzi za Mjerumani na yale magari yao makubwa ya mbao, magurudumu manne, yanavutwa na ng'ombe hata kumi na sita. Yale magari yalikuwa na akili yake. Kwenye mteremko walikuwa wanaweka kiatu cha chuma chini ya gurudumu la nyuma na kulifunga kwa mnyororo, lisizunguke, liburuzike tu. Wengine walifunga gogo nyuma likawa linakwaruza ardhi. Yaani breki ilikuwepo kabla ya injini! Shika hapo, nitakurudisha.

Baadaye, kati ya vita mbili za dunia, Wajerumani wakafungua mashamba ya kahawa Oldeani, matrekta na malori yakaanza kupanda huku. Mwaka 1948 Waingereza wakaitoa Land Rover, na ndani ya miaka michache ikawa ndiyo gari la kila mtu mwenye gari porini. Bodi ni aluminiamu haili kutu, lakini kila kitu kina siku yake. Na hapa ndipo wazee wetu wasio na majina walipofanya kitu cha maana. Land Rover ikifa, ekseli yake haikufa nayo. Waliitoa, wakaweka mbao juu, wakafunga ng'ombe au punda mbele. Mkokoteni.

Usione ni kitu kidogo. Mkokoteni wa zamani ulikuwa unazungukia kwenye beringi za mbao ngumu zilizolowekwa mafuta, unalia njia nzima kama mtoto mwenye njaa. Ukiweka habu na beringi za gari, punda yule yule anavuta mzigo mkubwa zaidi na hapigi kelele. Serikali nayo ilishughulika na mambo haya, CAMARTEC ya pale Arusha ilianzishwa 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na mikokoteni ni kitu walichokifanyia kazi. Ila mikokoteni mingi unayoiona mtaani imetoka uani kwa mtu, imepimwa kwa kamba.

Ugumu uko kwenye kukata. Ekseli ya nyuma ya gari ina difu katikati, lidude lizito halina kazi kwenye mkokoteni. Kwa hiyo wanakata pande mbili, wanatupa difu, wanaunga kwa bomba nene. Ukiunga ikapinda hata kidogo tu, tairi zinakula upande mmoja na punda anavuta kama anaburuza mtu asiyetaka kwenda. Fundi anasema mwalimu wake alikuwa anafunga uzi kutoka tairi hadi tairi, mbele na nyuma, hachomelei mpaka vipimo vyote viwili vilingane. Umeme ukikatika anakaa anasubiri na uzi wake pale pale.

Sasa sikiliza. Mkokoteni wa punda unatakiwa tairi ziwe karibu na katikati. Lazima! Ukizisogeza nyuma, uzito wote unalala shingoni kwa mnyama, unamuua taratibu. Ukizisogeza mbele, mkokoteni unamnyanyua juu. Wazee walijua hilo bila kusoma fizikia, na kipimo chao kilikuwa sahihi kabisa.

Watoto wao wakapata kazi ya kutengeneza tela za gari. Wakachukua kipimo kile kile. Tairi katikati.

Kwa gari hiyo ni sumu. Gari halina shingo ya kuumia, linataka kukandamizwa kidogo. Kwenye kila kilo 1,000 za tela na mzigo wake, kama kilo 100 mpaka 150 zinatakiwa zilale pale kwenye pini. Zikipungua, tela linaanza kucheza mkia kushoto kulia. Zikienda kinyume, yaani nyuma ikawa nzito kuliko mbele, tela linanyanyua matako ya gari, tairi za nyuma zinakosa nguvu mlimani, na pini iliyolika inaruka. Tak.

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi pale gereji nikanyamaza kidogo.

Nikamuuliza, sasa mbona miaka yote hiyo matela yalikuwa yanatembea? Akacheka. Yalikuwa yanatembea kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Kwenye vumbi na mashimo unaenda kilomita 20, 30, tela likicheza unalisikia unapunguza. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wajapani wakasaidia kuweka lami kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu mpaka geti la Ngorongoro. Kila mtu alishangilia, na ilistahili. Ila tela lililopimwa kwa mwendo wa punda likajikuta linashuka ule mlima wa Manyara kwenye lami kilomita 80. Beringi zinachemka mpaka grisi inadondoka. Breki hamna, maana mkokoteni haukuwa na breki, na kile kiatu cha chuma cha Makaburu kilishasahaulika zamani. Gari peke yake ndilo linashikilia mizigo yote miwili.

Ndipo mafundi wakaanza kubadilisha, kila mmoja kivyake, wengi baada ya kuona ajali. Tairi zikarudi nyuma, kiasi kwamba ukiligawa sanduku la tela mafungu kumi, sita yanabaki mbele ya ekseli na manne nyuma. Mkono ukarefushwa, kwa sababu mkono mfupi unafanya tela lishtuke kwa kila kosa la usukani, na kurudi nalo nyuma ni mateso. Chini ya pini ikaongezwa minyororo miwili inayopishana kama mikono ya mtu aliyekunja, ili mkono ukichomoka uangukie juu ya minyororo usichimbe lami. Hiyo minyororo, nakwambia, ni chuma cha bei ya chips mayai chache. Gunia zangu kumi na mbili zilikosa hicho tu.

Vingine ni ujanja wa raha. Ndoano za kamba zinachomelewa kwa chini ya ukingo, zisikwaruze magunia. Mbao za pembeni zinachomoka, kwa hiyo leo tela ni la mahindi kesho ni la mabomba. Tairi ya akiba inawekwa mbele, iongeze uzito panapotakiwa. Kwa matela ya watalii mfuniko unawekwa mpira pembeni, maana vumbi la Ngorongoro linaingia hata kwenye unga uliofungwa. Na springi wanapunguza mapande, kwa sababu springi za gari zima chini ya katela kepesi zinalirusha mpaka mayai ya mpishi yanakuwa chapati.

La kubebea magari ndilo linampa Fundi kiburi. Zamani kama Land Cruiser imekufa porini, mnatafuta tuta, lori linarudi kinyumenyume mpaka linagusa ukingo, mnasukuma gari linaingia. Hakuna tuta? Mnachimba. Wazungu nao walipitia humo humo. Alexander Winton wa Cleveland alikuwa anatengeneza magari, akapata shida ya kuyafikisha kwa wateja bila kuyachosha, ndiyo mwishoni mwa miaka ya 1890 akabuni tela la kuyabeba. Na August Fruehauf wa Detroit alikuwa fundi wa vyuma na farasi kama hawa wetu. Mwaka 1914 mteja alitaka boti yake ivutwe na Ford, akamtengenezea tela, na likazaa kampuni kubwa. Hao majina yao tunayo.

Tela la Fundi lina ekseli mbili, tairi moja ikipasuka tatu zinabaki. Limelala chini, njia za kupandia zinachomoka zinaingia chini ya sakafu. Na kuna kipande cha engo kimechomelewa kukatisha sakafu, ambacho nilidhani ni mabaki. Kumbe ni cha kuzuia tairi za mbele za gari linalopandishwa. Zikigusa pale, injini iko mbele ya ekseli kwa kipimo chake, na dereva hahitaji kukisia usiku kwenye mvua.

Mama ameanza tena vitunguu, safari hii na mwenzake, wanachanga. Wiki iliyopita nikampeleka pale gereji kuangalia tela dogo lililokuwa linamaliziwa rangi. Sakafuni Fundi alikuwa amechora mstari mwekundu, upande kwa upande, pale ekseli inapopita. Mama akalizunguka mara mbili, akashika minyororo, akauliza, "Hili linabeba gunia ngapi, baba?"

"Kumi, mama yangu. Sita mbele ya mstari, nne nyuma. Na lifti hapana."