Somo la Historia: Mahali pa Kunywea, Toka Mkwaja Mpaka Tanga

Kaeni vizuri, na mwenye daftari afungue ukurasa mpya. Leo tunasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Tunasoma juu ya mahali watu walipokaa kunywa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mgema, kilabu, baa.

Huenda baadhi yenu mtasema kwamba jambo hili halifai darasani, hasa kwetu pwani ambako wengi hatugusi kileo kwa sababu ya dini. Mimi simshawishi mtu anywe. Lakini wenzetu wa nchi nyingine huyaandika mambo haya bila haya. Ukifika Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, wageni huonyeshwa nyumba za kunywea kama kwingine wanavyoonyeshwa makaburi ya wafalme. Iko moja iitwayo The Brazen Head, ambayo wenyewe hujigamba kuwa ilianza mwaka 1198. Zamani nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa nusu duka: upande huu majani ya chai na sukari, upande huu bia. Mtu alikwenda kunywa, akapata na habari za mji, akasikiliza fidla, akabishana siasa. Je, sisi tulikuwa na nini?

Tuanzie Mkwaja, kusini ya Pangani, kabla hujafika Saadani. Huko ni nchi ya minazi, na mnazi hutoa tembo. Mgema hupanda kwa vidato vilivyokatwa katika shina, kotama iko kiunoni. Akifika juu huchagua karara ambalo bado halijafunguka, hulifunga kwa kamba, hulikata ncha, akatega kibuyu chake. Kila apandapo, asubuhi na jioni, hukata tena kipande chembamba ili maji yasizibe. Yakiteremshwa mapema maji hayo ni matamu. Jua likipanda huchachuka yenyewe bila kutiwa kitu, na yakikaa siku kadhaa huwa siki. Wako akina mama wa pwani ambao hawajapata kuonja kileo maisha yao, lakini vitumbua vyao waliviumua kwa tembo, wala hakuna aliyewalaumu.

Mahali pa kunywea tembo hapakuhitaji nyumba. Watu walikaa chini ya minazi au uani kwa mtu, wakapokezana kata ya kifuu.

Lakini palikuwa na ugomvi. Karara lililogemwa halizai nazi. Mwenye shamba aliyetaka mbata za kuuza hakupenda kuona vibuyu juu ya minazi yake. Serikali za kikoloni nazo zilitaka mbata zipelekwe ng'ambo, kwa hiyo kugema kukawekewa cheti cha kulipia. Mgema akawa na mabwana watatu: mwenye mnazi, serikali, na mnywaji. Mnaijua methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naona methali hiyo imemwonea kidogo. Mtu aliyelipa mnazi, akalipa na cheti, kisha akatia maji, pengine hakufanya hivyo kwa ajili ya sifa.

Sasa tupande kaskazini kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche hiyo 62 jimbo zima la Tanga liligeuka. Mashamba yalitaka watu, na watu wakaletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena na wengine wengi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Hawa hawakuzoea tembo la mnazi. Kwao walikunywa pombe ya mtama, ulezi au mahindi, na wanawake wa kambini wakaanza kuwapikia.

Hapo ndipo kilabu kilipopata nguvu: banda la makuti, magogo au benchi za kukalia, mapipa ya pombe, na wanawake wanaouza. Serikali iliamuru pombe iuzwe mahali palipokubaliwa tu, kwa saa zilizowekwa, na kwa malipo ya kibali. Siku ya mshahara banda lilijaa. Palikuwa na ulevi na ngumi, tusidanganyane. Watoto wengine walilala njaa kwa sababu baba alipitia kilabuni kwanza. Lakini kwa manamba aliyeacha wazazi umbali wa mwezi mzima wa kutembea, pale ndipo aliposikia lugha ya kwao. Na kwa mwanamke asiye na mume wala shamba, pombe ilikuwa shilingi aliyoishika kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati huo mjini Tanga wenye mashamba walikunywa bia na wiski katika hoteli zao. Mwafrika aliingia humo na sinia mkononi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuwauzia Waafrika pombe kali za kigeni, na mkataba mwingine wa mwaka 1919 ukaendeleza jambo hilo. Waliotunga walisema wanatulinda, na kweli jini ya bei rahisi ilikwisha kuharibu watu wengi Afrika. Lakini huku kwetu, chini ya Waingereza, hata bia ya chupa ilikatazwa kwa Mwafrika. Na tembo lililochachuka lina ukali ule ule wa bia, au kuipita! Basi kilichopimwa hakikuwa kileo. Kilichopimwa ni rangi ya mkono ulioshika bilauri.

Vita vya pili vya dunia vilitikisa sheria hiyo. Askari wetu walipigana mpaka Burma, na wengi walikuwa wamekunywa bia katika kantini za jeshi. Nani angewaambia tena kwamba hawaiwezi? Miaka ya mwisho ya 1940 bia ya chupa ikaruhusiwa. Pombe kali zilingoja mpaka miaka ya 1950.

Baa zikafunguliwa Tanga. Mtu alikuwa na kiti chake na chupa yake, hapokezani kata na mtu. Aliyeweza kulipa alionekana mstaarabu, na asiyeweza alirudi kilabuni. Muziki ukaja pia. Bendi ya Young Nyamwezi, iliyobeba jina la watu waliokuja kwa mkonge, baadaye ikaitwa Jamhuri Jazz, nayo ilishindana na Atomic Jazz kuwachezesha watu dansi.

Bei ya mkonge ilipoanguka, kambi nyingi zilibaki tupu, na vilabu vyake vikafa pamoja nazo. Mabanda ya makuti hayaachi magofu kama mawe ya Tongoni. Yaliyobaki yamo vichwani mwa wazee.

Kwa hiyo kazi yenu ya wiki hii ni hii. Kila mmoja amwulize mzee mmoja, mwanamume au mwanamke: kilabu cha hapa kilikuwa wapi? Nani alipika, nani aliuza, kata moja senti ngapi? Andikeni majibu kwa sentensi tano, mje nazo darasani.