Kusikika Angani: Historia ya Kupima Vifaa vya Kuzuia Ndege Kugongana

Kifaa cha kumwonya rubani kwamba ndege nyingine inamkaribia kina kazi mbili: kusikia na kusikika. Ya kwanza rubani anaweza kuikagua mwenyewe, maana akiona alama ya mwenzake kwenye kioo anajua kipokezi chake kizima. Ya pili hana namna ya kuijua akiwa ndani ya chumba chake. Taa ya kijani humwambia tu kwamba kifaa kina umeme na kimepata satelaiti. Haimwambii kama mawimbi yake yanafika kilomita nane mbele au yanafia mita mia chache ubavuni. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa jibu limekuwa likitafutwa ardhini, kwa antena zilizofungwa juu ya mapaa ya klabu za urubani na nyumba za watu binafsi, nyingi zikiwa zimewekwa na watu wa kujitolea.

Historia inayofahamika zaidi ni ya ndege kubwa. Mwaka 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, zikaua watu 128. Kuanzia hapo wahandisi walitafuta chombo ambacho kingeziwezesha ndege kujilinda bila kumtegemea mwongoza ndege. Chombo hicho, TCAS, kiliuliza transponda, yaani redio za kujibu maulizo, za ndege nyingine kwa masafa ya megahezi 1030 na kupokea majibu kwenye 1090. Ajali ya Cerritos, California, ya mwaka 1986 iliyoua watu 82 ndiyo iliyolisukuma bunge la Marekani kukifanya cha lazima, na kufikia mwisho wa 1993 ndege kubwa za abiria za nchi hiyo zilikuwa nacho. Julai 1, 2002, karibu na Überlingen, kusini mwa Ujerumani, ndege mbili zenye TCAS ziligongana baada ya marubani wa mojawapo kumtii mwongoza ndege badala ya chombo. Watu 71 walikufa. Baada ya hapo kanuni za kimataifa ziliandikwa upya ili kuweka wazi kwamba maelekezo ya chombo ndiyo yanayofuatwa.

Wakati wote huo marubani wa glaida, yaani ndege zisizo na injini, walibaki nje ya mpango. Glaida huishi kwa betri ndogo, na transponda za wakati ule ziliimaliza haraka. Isitoshe, glaida hukusanyika. Penye mkondo mzuri wa hewa ya moto inayopanda, ndege kumi au zaidi huweza kuzunguka pamoja, moja juu ya nyingine, zikipishana kwa mita chache. Chombo kinachopima umbali peke yake kingepiga kelele mfululizo, na rubani angekizima. Kilichohitajika ni kifaa kinachojua kila ndege inaelekea wapi.

Mlango ulifunguliwa Mei 2000, Marekani ilipoacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Ghafla kipokezi kidogo cha bei nafuu kiliweza kumwonyesha rubani mahali alipo kwa kukosea mita chache tu. Nchini Uswisi, baada ya ajali kadhaa za glaida kugongana juu ya Alps, Urs Rothacher na Andrea Schlapbach walibuni kifaa walichokiita FLARM. Urban Mäder alijiunga nao baadaye, na vifaa vya kwanza viliuzwa mwaka 2004. Wazo la kifaa hicho lilikuwa jepesi na la kupendeza. Kila kifaa hupata mahali pake kwa GPS, hukadiria ndege itakuwa wapi sekunde chache zijazo, kisha hutangaza makadirio hayo kwa redio. Kila kifaa kinachosikia hulinganisha njia hizo na yake, na hulia pale tu zinapoelekea kukutana, kama sekunde 18 kabla.

Udhaifu ulijificha kwenye redio. Barani Ulaya FLARM hutumia masafa ya karibu na megahezi 868, ambako mtu haombi leseni lakini nguvu inayoruhusiwa ni miliwati 25 tu; transponda ya ndege ya abiria hurusha kwa mamia ya wati. Kwa nguvu ndogo namna hiyo, kila kosa la ufungaji hugharimu. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 34 hivi. Bodi ya vyuma ya vyombo hulizuia, mwili wa rubani hulinyonya, na pua ya ndege iliyojengwa kwa nyuzi za kaboni hulifungia ndani karibu sawa na bati. Antena inayopaswa kusimama wima hulazwa ili isikwaruze kioo cha juu, au hufichwa nyuma ya dira kwa sababu ya urembo. Hesabu yake haina huruma: ishara inayopungua kwa desibeli 6 husikika nusu ya umbali, na ya desibeli 12 husikika robo. Glaida mbili zinazokabiliana, kila moja kwa kilomita 150 kwa saa, hukaribiana kwa mita 83 kila sekunde. Onyo la sekunde 18 linahitaji kilomita moja na nusu ya kusikilizana. Aliyefungiwa antena vibaya huenda hana umbali huo upande wa mbele, ambako anauhitaji kuliko kwingine kokote.

Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni kuiacha ndege uwanjani na kutembea na kifaa cha pili hadi ishara ipotee. Njia hii hudanganya. Antena zote mbili zikiwa karibu na ardhi, wimbi linaloruka kutoka chini hukutana na lile la moja kwa moja na kulifuta, na ishara hufifia haraka zaidi kuliko inavyofifia angani. Ndege yenye kifaa kizuri huonekana mbovu. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: rubani aliyezoea matokeo mabaya ya uwanjani huacha kuyajali hata yanapokuwa ya kweli. Baadaye mtengenezaji aliweka tovuti ambako rubani hupeleka faili la safari yake, na programu ikachora amewasikia wenzake kwa umbali gani kila upande. Lilikuwa jambo jema, ila picha ile hueleza zaidi upande wa kusikia, na huhitaji safari zenye ndege nyingi jirani.

Mapinduzi yaliletwa na kidude cha kuangalizia televisheni. Mwaka 2012 ilijulikana sana kwamba vipokezi vidogo vya televisheni vyenye chipu ya Realtek, vya kuchomeka kwenye kompyuta na kuuzwa kwa dola zipatazo 20, vinaweza kugeuzwa kuwa redio ya kusikiliza masafa mengi. Mwaka huohuo kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliingia sokoni kwa dola 35. Wapenzi wa glaida wa Ulaya waliviunganisha viwili hivyo, wakaongeza antena ya juu ya paa, na kuanzisha mtandao walioupa jina la Open Glider Network, kwa kifupi OGN. Programu ya kunasa ishara hafifu ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Pawel Jalocha. Lengo la mwanzo lilikuwa kuziona glaida kwenye ramani na kujua ya mwisho imetua wapi. Mtandao ulikuja pia kuwa msaada kwa waokoaji, kwa sababu ndege ikipotea milimani, mahali iliposikika mara ya mwisho hubaki kwenye kumbukumbu.

Kupima umbali kulikuja kama tunda la pembeni, na pengine ndilo tunda bora kuliko yote. Kila ujumbe unaonaswa huja na mahali pa ndege, mwelekeo wake na nguvu ya ishara. Kituo chenye antena iliyo mita 10 juu ya ardhi kina upeo wa redio wa kilomita 140 hivi kwa ndege iliyo mita 1,000 juu, kwa hiyo kisicho na kizuizi hukusanya maelfu ya ujumbe kwa alasiri moja. Glaida inapozunguka kwenye hewa ya moto hukionyesha kituo pua, mkia, mabawa na tumbo, zamu kwa zamu. Kutokana na hayo huchorwa duara linaloonyesha ndege inasikika kwa nguvu gani kila upande. Tovuti ya KTrax iliifungulia umma kazi hiyo: rubani huingiza namba ya kifaa chake na kupata mchoro. Kituo cha ardhini kina masikio makali kuliko glaida yoyote, hivyo kilomita 60 za kusikika nacho si kilomita 60 za kusikilizana angani. La maana ni kulinganisha ndege na wenzake waliosikika na vituo vilevile. Aliye chini sana ya wengine ana tatizo, na pengo la upande mmoja kwenye duara humwelekeza fundi mahali pa kutazama.

Katikati ya neema hiyo ukazuka ugomvi. Lugha ya redio ya FLARM ilikuwa mali ya kampuni tangu mwanzo na ujumbe ulifungwa kwa msimbo. Toleo lililotumika mwaka 2008 lilifumbuliwa na watu wa nje. Kisha kampuni ikatangaza kwamba kufikia Machi 31, 2015 kila kifaa kiwe kimewekewa programu mpya, toleo la 6, ambalo halingesikilizana na matoleo ya zamani. Msimbo nao ulibadilika. Kwa vituo vya ardhini vilivyojengwa kwa fedha za mifukoni mwa watu, maana yake ilikuwa uziwi mpaka lugha mpya ifumbuliwe.

Kampuni ilikuwa na hoja, na hazikuwa za kupuuzwa. Msimbo, ilisema, unalinda ubora wa ujumbe: kifaa kisicho na kibali kikitangaza makadirio mabovu kinaweza kumtia rubani mwingine hatarini. Tena unalinda faragha. Hapa ilipata washirika miongoni mwa marubani wa mashindano, ambao hawakupenda wapinzani waone kwenye kioo ni nani aliyepata mkondo wenye nguvu na kumfuata. Kifaa chenyewe kina hali ya kujificha, inayowanyima wengine maelezo hayo na kumpunguzia mtumiaji wake anachokiona kwa wenzake.

Upande wa pili ulijibu kwamba ujumbe wa usalama unaotangazwa hewani ni wa kila mtu. Meli hutangaza mahali zilipo kwa AIS, ndege za abiria kwa ADS-B, na lugha za mifumo yote miwili zimechapishwa. Ombi la kuitaka kampuni iache msimbo lilisambazwa mtandaoni kukusanya saini. OGN nayo iliijibu hoja ya faragha kwa vitendo, ikaanzisha daftari la vifaa ambamo mwenye ndege anaweza kukataa kufuatiliwa au kutajwa. Lugha ya 2015 ilifumbuliwa vilevile, vituo vikarudi kusikia, lakini uhalali wa kufanya hivyo haukuwekwa wazi.

Ukweli mmoja ulisahaulika katika mabishano hayo. Vituo vilivyofungiwa nje ndivyo vilivyowaonyesha marubani kwamba kifaa walichokilipia hakisikiki. Zaidi ya ndege 50,000 duniani zimefungwa mfumo huu, na Ufaransa iliufanya wa lazima kwa glaida zake. Amri ya kufunga kifaa bila desturi ya kukipima ni nusu ya usalama, na inasikitisha kwamba nusu ya pili imeachwa mikononi mwa watu wanaolipa umeme na intaneti ya vituo wenyewe.

Kipimo cha ardhini nacho kina mipaka. Kinapima kurusha, kuhusu kupokea kinatoa dalili tu, kwa sababu antena inayorusha vibaya kwa kawaida hupokea vibaya pia. Vifaa vya PowerFLARM vinaweza kuwa na antena mbili, na kwenye baadhi yake ya pili hupokea tu, kwa hiyo kituo cha ardhini hakina lolote la kusema juu yake. Simu iliyowekwa karibu na kipokezi huweza kukitia uziwi huku duara la kurusha likibaki zuri.

Desemba 2022 wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, EASA, ulichapisha lugha ya wazi ya redio iitwayo ADS-L kwa ndege ndogo, kwenye masafa yaleyale ya karibu na megahezi 868 yanayotumiwa na FLARM. Ni ushindi wa waliodai uwazi, ingawa vifaa vya zamani vitaendelea kuruka kwa miaka mingi.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuifuatilia habari hii. Machi 5, 2024, ndege ya abiria ya Safarilink aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya chuo cha urubani ziligongana juu ya Nairobi. Dash 8 ilirudi na kutua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Katika viwanja vya mbugani, rubani hutangaza kwa sauti redioni alipo na anakoelekea, na mwenzake humtafuta kwa macho. Ndege zikifungwa vifaa hivi, kituo cha kuvisikiliza kinachotumia kipokezi cha televisheni, kompyuta ndogo na antena ya juu ya paa kinaweza kujengwa na mwanafunzi yeyote wa ufundi wa redio Nairobi, Arusha au Entebbe, mradi masafa yawe yale yanayoruhusiwa nchini mwake.