Malengo ya mwalimu katika kutumia teknolojia darasani: Somo kwanza, mtambo baadaye

TEKNOLOJIA ya habari na mawasiliano (Teknohama) imeingia katika shule za Kenya kupitia milango mingi. Kunazo tarakilishi zilizonunuliwa na wazazi, vishikwambi vilivyoletwa na serikali, projekta zilizotolewa na wafadhili na, zaidi ya vyote, simu iliyomo mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Hata hivyo, kuwa na kifaa si sawa na kukitumia, na kukitumia si sawa na kumfaa mwanafunzi.

Pengo baina ya mambo hayo matatu haliwezi kuzibwa na Wizara ya Elimu wala na mwalimu mkuu pekee. Huzibwa na mwalimu wa somo anapoketi na maazimio yake ya kazi na kuamua ni jambo gani hasa anataka teknolojia imsaidie kutenda, katika mada ipi na kwa muda gani. Uamuzi huo ndio unaoitwa lengo la kibinafsi. Makala haya yanaeleza jinsi malengo ya aina hiyo yanavyoundwa na namna ya kuyapima.

Usuli

Ahadi ya kuwapa wanafunzi wa darasa la kwanza vipakatalishi ilitolewa katika kampeni za uchaguzi mkuu wa 2013. Mpango huo ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2016, vipakatalishi vya wanafunzi vilikuwa vimegeuka vishikwambi. Shule 150 zilitangulia kwa majaribio kabla ya vifaa kusambazwa katika shule za msingi za umma kote nchini.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, ukafuata. Ndani yake, ujuzi wa kidijitali ni miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anatarajiwa kuupata. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2020, shule zilifungwa kutokana na janga la Covid-19, na masomo yakapeperushwa kwa redio na runinga. Walimu wengi walijikuta wakijifunza kwa ghafla kutuma kazi kupitia simu, huku watoto wa nyumba zisizo na umeme wala simu wakibaki nyuma.

Kwa hivyo, mwalimu wa leo hana budi kuzungumzia teknolojia. Lililo muhimu ni aizungumzie vipi.

Vifaa pekee havitoshi

Utafiti uliofanywa katika kaunti ya Kisumu na kuchapishwa mwaka wa 2016 una funzo kubwa kwa walimu. Ulilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia kuinua usomaji katika madarasa ya chini: vifaa vya kusomea vya kielektroniki kwa wanafunzi, vishikwambi kwa walimu, na vishikwambi kwa maafisa wanaozuru shule kuwaelekeza walimu. Ilibainika kwamba teknolojia inaweza kuinua usomaji. Lakini kuwekeza katika vifaa vya darasani hakukuzaa matokeo yaliyo bora kwa kiwango kikubwa kuliko mpango wa ufundishaji usiotumia vifaa hivyo, ilhali gharama ilikuwa ya juu zaidi.

Nchini Peru, serikali iliwagawia wanafunzi vipakatalishi kwa wingi. Uchunguzi wa shule 319 uliochapishwa mwaka wa 2012 haukupata ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda kwa sababu ya mitambo hiyo. Hata katika eneo la Silicon Valley, Marekani, ambako ndiko chimbuko la mitambo mingi, msomi Larry Cuban alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 2001 kwamba tarakilishi zilijaa shuleni lakini walimu wengi hawakuzitumia sana kufundishia.

Haya hayamaanishi kwamba teknolojia ni bure. Yanamaanisha kwamba faida yake hutegemea kazi aliyopewa. Jembe halilimi lenyewe, na shamba lisilojulikana mipaka halilimiki hata kwa trekta.

Lengo zuri hutambulika vipi?

Mwanasaikolojia Mmarekani Edwin Locke alieleza mwaka wa 1968 kwamba mtu mwenye lengo mahususi na lenye kumpa changamoto hufanya kazi bora kuliko yule aliyeambiwa tu ajitahidi kadiri awezavyo. Mwaka wa 1981, George Doran, aliyeandika kuhusu uongozi wa mashirika, alipendekeza kwamba lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kulitekeleza, liweze kufikiwa na liwe na muda maalumu.

Walimu wa Kenya si wageni wa mawazo haya. Mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu (TPAD), ulioanzishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) mwaka wa 2016, uliwazoesha kuandika shabaha zao mwanzoni mwa muhula. Tatizo ni kwamba shabaha nyingi za Teknohama huandikwa ili fomu ijae. "Nitatumia Teknohama zaidi katika ufundishaji" ni mfano wa kauli isiyoweza kutimizwa wala kushindwa, kwa kuwa haisemi chochote. "Nitatumia projekta mara mbili kwa wiki" inapimika, lakini inapima mtambo. Mwalimu anaweza kuitimiza kikamilifu bila hata mwanafunzi mmoja kujifunza jambo jipya.

Lengo zuri humtaja mwanafunzi. Husema mwanafunzi ataweza kufanya nini ambacho hakuweza awali, kisha hueleza teknolojia itachangia vipi.

Ngazi za kupanda

Shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wa umilisi wa walimu katika Teknohama mwaka wa 2008, na kuurekebisha miaka ya 2011 na 2018. Mwongozo huo una ngazi tatu. Ya kwanza ni kupata maarifa, ambapo mwalimu anaweza kutumia vifaa kuboresha somo la kawaida. Ya pili ni kuyazamisha maarifa, ambapo wanafunzi hutumia vifaa kutatua matatizo halisi. Ya tatu ni kuunda maarifa, ambapo mwalimu na wanafunzi hutunga kazi na mbinu mpya.

Mwalimu aweza kuzitumia ngazi hizi kujipima. Ambaye bado anahangaika kuunganisha projekta hana haja ya kuandika kwamba darasa lake litatengeneza filamu muhula huu. Vilevile, aliyekwisha kuzoea kuonyesha picha ukutani asibaki hapo miaka mitano. Lengo linalofaa ni hatua moja juu ya alipo.

Hatua tano za kuunda lengo

Kwanza, mwalimu atafute tatizo la ujifunzaji. Apitie madaftari na matokeo ya mitihani, ajiulize ni mada ipi wanafunzi hukwama kila mwaka licha ya kufundishwa vyema kwa chaki na ubao. Kisha ajiulize kama kuna jambo ambalo kifaa kinaweza kufanya na ubao hauwezi, kama vile kurudia sauti ileile mara kumi au kuonyesha moyo ukipiga. Ikiwa halipo, aendelee na ubao bila haya.

Pili, ahesabu alicho nacho. Je, umeme upo darasani au katika ofisi tu? Vifaa hufungiwa wapi na ufunguo huwa kwa nani? Vipo vingapi? Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na vishikwambi 10. Kipindi cha shule ya msingi katika gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Kugawa vifaa, kuviwasha na kuvikusanya kukichukua dakika 15, zinabaki 20. Katika kundi la wanafunzi wanne, kila mmoja atakishika kifaa kwa dakika tano. Mpango wowote usiozingatia hesabu hii utavunjika siku ya kwanza.

Tatu, aandike lengo moja kwa muhula mmoja. Matatu kwa mwaka yaliyotimizwa ni bora kuliko kumi yaliyoachwa fomuni.

Nne, apime hali ilivyo kabla ya kuanza. Bila kipimo cha mwanzo, hakuna atakayejua kama kuna kilichobadilika.

Tano, atayarishe njia mbadala katika andalio la somo. Umeme hupotea, betri huisha na mtandao hukatika. Yafaa nyenzo zihifadhiwe ndani ya kifaa mapema badala ya kutegemea intaneti wakati wa kipindi, na zoezi la daftari liwe tayari kuchukua nafasi yake.

Mfano wa somo la Kiswahili

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili katika gredi ya tano ambaye wanafunzi wake hawatofautishi sauti /l/ na /r/. Husema "karamu" wakimaanisha "kalamu", "kura" wakimaanisha "kula" na "mahari" wakimaanisha "mahali". Makosa hayo huhamia katika imla na insha. Aghalabu mwalimu mwenyewe huwa ameathiriwa na lugha ya mama ileile, hivyo kumsikiliza yeye peke yake hakuwaondolei wanafunzi utata. Hapa kifaa kina kazi ya kweli: kuwaletea sauti nyingine.

Mwalimu huyu anaandika maneno 20 yenye sauti hizo. Anamwomba mwenzake mwenye matamshi sanifu ayasome, naye anamrekodi kwa simu. Kabla ya kufundisha, anawachezea wanafunzi maneno 10, na kila mmoja anazungushia duara neno alilolisikia kwenye karatasi. Tuseme wanafunzi 14 kati ya 40 wanapata maneno manane au zaidi. Sasa anaweza kuandika lengo lake hivi:

"Kufikia wiki ya kumi ya muhula wa pili, nitakuwa nimetumia rekodi za sauti katika vipindi sita vya kusikiliza na kuzungumza, ili wanafunzi wasiopungua 30 kati ya 40 waweze kutambua maneno manane kati ya 10 yenye sauti /l/ na /r/."

Lengo hili halihitaji intaneti wala projekta. Simu moja na kipaza sauti kidogo vinatosha. Palipo na vishikwambi, wanafunzi wanaweza kujirekodi katika makundi, wajisikilize na kusahihishana. Wiki ya kumi ikifika, mwalimu anawapa jaribio la pili kwa maneno ambayo hawakuyafanyia mazoezi, ili asipime kukariri. Akitaka uhakika zaidi, anaweza kufundisha sauti /s/ na /sh/ bila rekodi katika muhula huohuo, kisha alinganishe maendeleo.

Faragha ya wanafunzi

Sauti na picha ya mtoto ni data yake ya kibinafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa sababu hiyo, mwalimu aombe idhini kwa maandishi kupitia uongozi wa shule, asitume rekodi za wanafunzi katika makundi ya WhatsApp, na azifute lengo linapokamilika.

Kutathmini na kusonga mbele

Mwishoni mwa muhula mwalimu ajibu maswali matatu. Je, wanafunzi wameweza lile nililokusudia? Je, teknolojia ndiyo iliyosaidia, au ni muda zaidi nilioutoa kwa mada hiyo? Je, juhudi na gharama, ikiwemo pesa zangu za kununua data, zililingana na matokeo?

Wakiwa 22 badala ya 30, hilo si sababu ya kuficha takwimu. Wanafunzi wanane wameongezeka juu ya wale 14, na mwalimu anaweza kuchunguza waliosalia wanakwama wapi: je, hawasikii tofauti, au wanaisikia lakini hawaitamki? Jibu hilo ndilo linalozaa lengo la muhula unaofuata. Rekodi zake, zikihifadhiwa vyema na kukabidhiwa idara, humfaa pia mwalimu atakayempokea darasa hilo.

Wazazi na viongozi wa shule nao wana sehemu yao. Mwalimu mkuu anayeulizia matokeo ya wanafunzi badala ya idadi ya mara projekta ilivyowashwa humpa mwalimu nafasi ya kusema ukweli. Anayeweka ufunguo wa stoo mahali panapofikika humwondolea kikwazo kilicho kikubwa kuliko ukosefu wa mafunzo.

Mtoto wa gredi ya tano huwa katika gredi hiyo mara moja tu. Dakika 35 zilizopotea zikisubiri mtambo uwake hazirudishwi, na zilizotumika vyema humfuata mtoto hadi katika mitihani na maisha yake. Bandu bandu huisha gogo: lengo moja dogo kila muhula, likiandikwa kwa makini na kupimwa kwa uaminifu, litamfikisha mwalimu mbali kuliko stoo iliyojaa vifaa.