Modeli za mezani za ndege za mabomu

Modeli za mezani za ndege za mabomu ni sanamu ndogo za mbao, zilizochongwa kwa mkono kufuata umbo la ndege zilizodondosha mabomu vitani, hasa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kwa kawaida kila moja husimama juu ya kitako chenye kijiti cha chuma. Miongoni mwa zinazotafutwa na wakusanyaji ni B-17, B-24 na B-29 za Marekani, pamoja na Avro Lancaster ya Uingereza.

Modeli za namna hii hazikuwa pambo tu. Mapema mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari wachonge modeli 500,000 za kufundishia askari kutofautisha ndege za wenzao na za adui. Zilitengenezwa kwa skeli ya 1:72 na kupakwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu ndege iliyo mbali huonekana umbo kabla ya rangi. Kuitazama modeli hiyo kutoka mita 10 ni sawa na kuiona ndege yenyewe ikiwa mita 720. Bawa lililochongwa vibaya lingeweza kumfanya mpiga mzinga amuue mwenzake, kwa hiyo kazi za wanafunzi zilikaguliwa kwanza ndipo zikapokelewa.

Baada ya vita, uchongaji wa kuuza ulishamiri Ufilipino, katika mji wa Angeles na vitongoji vyake mkoani Pampanga, nje ya kambi ya anga ya Clark. Mkoa huo ulikuwa na mafundi stadi tangu zamani, wakiwamo wachongaji wa Betis, na wanajeshi wa Kimarekani walipenda kurudi kwao na modeli ya ndege waliyoirusha au kuihudumia. Ni kambi ileile ambayo Wajapani waliishambulia tarehe 8 Desemba 1941, B-17 nyingi zikateketea zikiwa chini. Wamarekani waliondoka Clark mwaka 1991, mwaka ulipolipuka mlima Pinatubo, lakini uchongaji haukufa. Mafundi waliendelea kuuza ng'ambo.

Mbao, mara nyingi mahogani, hukaushwa kwanza. Kiwiliwili na mabawa huchongwa mbalimbali, huunganishwa kwa gundi, maungio hujazwa puti, kisha msasa hupigwa mpaka alama ya kiungo ipotee. Kwa kuwa kiwiliwili ni mbao tupu, vioo vya rubani huwa rangi tu, samawati au kijivu. B-17, yenye mabawa ya mita 31.6, hutoka na upana wa sentimita 44 kwa skeli ya 1:72.

Mkusanyaji makini hutazama pua ya ndege kabla ya mng'aro wa rangi. Memphis Belle, ambayo wanahewa wake walikamilisha safari 25 za mapigano mwaka 1943, ilikuwa B-17F. Kibanda cha bunduki chini ya pua kilikuja kuwa alama ya toleo la G. Modeli yenye jina hilo na kibanda hicho ina kosa, hata ikiwa imechongwa kwa ustadi. Modeli ya B-29 iitwayo Enola Gay inadai uangalifu wa aina nyingine: ndege hiyo ndiyo iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na kibao chenye jina la ndege peke yake, bila jina la mji huo, ni maelezo pungufu.