Mgomo wa Desemba 1941 katika Katanga

Jamaa nyingi za hapa Kamina zina babu au mjomba aliyekwenda kusini kufanya kazi ya shaba. Mwaka 1928 njia ya reli ilifunguliwa kutoka Bukama, ikapita hapa kwetu mpaka Ilebo, na kwa njia hiyo vijana wengi wa Lomami na wa Kasai walishuka kwenda Elisabethville na Jadotville, miji tunayoiita leo Lubumbashi na Likasi. Yafaa tujue mambo yaliyowapata huko.

Kampuni yenye migodi, Union Minière, ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilikuwa mibaya: watu walikufa kwa magonjwa makambini, wengine walitoroka usiku. Basi, kuelekea mwaka 1930, kampuni ikabadili desturi yake. Ikatoa mkataba wa miaka mitatu, ikamruhusu mtu kukaa na mkewe na watoto, ikajenga nyumba, hospitali na shule. Haki isemwe: makambi yale yalikuwa na afya kuliko mengi ya Afrika wakati ule. Lakini kwa sheria ya mwaka 1922, mfanyakazi mweusi aliyevunja mkataba aliweza kutiwa gerezani. Tena hakuruhusiwa kuwa na sendika. Alilishwa, alitibiwa, alihesabiwa, hakuulizwa neno.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji. Waingereza na Wamarekani walihitaji shaba ya Katanga, na baadaye urani ya Shinkolobwe, kwa ajili ya vita. Kazi ikazidi, bei za vitu madukani zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi Wazungu nao walilalamika na kukutana kwa sababu hiyo hiyo. Weusi waliwaona. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wakaacha kazi, wakidai nyongeza.

Huko Jadotville askari walipiga risasi, watu 15 wakafa. Tarehe 9 Desemba wagomaji wa Elisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, mtu aliyesoma. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari. Wagomaji waliahidiwa nyongeza, wakaambiwa warudi kazini kwanza. Wakakataa. Mpoyi alipigwa risasi akafa, na wengi husimulia kwamba gavana mwenyewe ndiye aliyempiga. Kisha askari wakaufyatulia risasi umati. Waandishi wa historia huhesabu wafu wa mgomo ule kati ya 60 na 70. Hesabu ya serikali ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Tarehe 10 watu walirudi kazini.

Wako wanaosema: waliahidiwa nyongeza, kwa nini hawakuipokea? Kosa ni lao. Mimi sioni hivyo. Ahadi ile haikuandikwa popote, na aliyeitoa alikuwa na bunduki nyuma yake. Mtu aliyezoea kufungwa kwa kuvunja mkataba, atamdai nani kesho ahadi ikisahauliwa? Walitaka waipate wakiwa bado pamoja uwanjani, kwa maana walijua kwamba wakitawanyika, kila mmoja atasimama peke yake mbele ya kapita wake.

Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa ameyaona mambo ya namna hii tangu mwaka 1891, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa baya zaidi, hapo ametendewa kwa nguvu, hata kama ametia sahihi. Alifundisha pia kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Mwaka 1941 barua hiyo ilitimiza miaka 50. Shule za makambi ya Union Minière zilikuwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, na kampuni ndiyo iliyozilipia gharama. Watoto walijifunza humo kusoma, kuhesabu na kutii wakubwa. Barua ya Leo XIII ingalifaa kusomwa humo pia, tena kwa baba zao. (Na katika ofisi za wakurugenzi, wengi wao wabatizwa kama sisi.)

Vita vilikwisha mwaka 1945. Mwaka 1946 serikali ya Wabelji iliwaruhusu Waafrika kuwa na sendika, lakini chini ya ulinzi mkali. Makampuni makubwa nayo yakaanza kuwa na mabaraza, ambamo wafanyakazi waliweza kunena juu ya posho, nyumba na hali ya kazi, yaani mambo ya namna ile ile waliyoyapeleka uwanjani muda usiofika miaka mitano kabla. Katika mikutano ya sendika, afisa wa serikali aliweza kuketi na kusikiliza.