Nani Alimpandisha Dereva?

Binamu yangu alivunjika mguu akiendesha shindilia. Alikuwa utingo tu kwenye kazi ya barabara. Siku hiyo dereva hakutokea, msimamizi akamwambia: "Panda wewe, si umeshaona wanavyofanya?" Akapanda. Shindilia ikasogea mno ukingoni mwa tuta, udongo ukamomonyoka, ikapinduka. Ripoti ikaandikwa kwa mstari mmoja: dereva hakuwa na leseni.

Ni kweli, hakuwa nayo. Lakini mstari ule ulinirudisha Kongwa.

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula ni ya shida. Ikaamua kulima karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, ikianzia Kongwa. Mitambo ikasakwa kila pembe. Matrekta na matingatinga yaliyobaki vitani yaliletwa kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Je, madereva? Hapo ndipo penye kisa. Mtambo unaweza kununuliwa kwa siku moja, dereva hanunuliwi. Vijana wengi walipewa mafunzo ya harakaharaka, wakakabidhiwa usukani. Mbele yao kulikuwa na visiki, mibuyu, na udongo ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Kabla mwaka huo haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa mabovu. Januari 1951 mpango ukavunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zimeteketea.

Sehemu ya lawama akatupiwa dereva Mwafrika: eti mzembe, hajui mashine. Sawa, hakujua. Nani alimfundisha? Na mitambo ile michakavu, isiyo na vipuri, nani aliichagua?

Jamani, ufundi huu si kuvuta rungu mbele na nyuma. Dereva wa greda au kijiko hukagua mafuta na maji kabla hajawasha. Huijua ardhi inayobeba na ile inayodanganya. Hujua asipoweza kuona nyuma yake, na hatarudi nyuma bila mtu wa kumwelekeza. Mambo haya hayaonekani kwa utingo anayetazama kutoka chini. Hufundishwa, hurudiwa, kisha hupimwa.

Leo sheria inataka leseni ya daraja linalolingana na mtambo, na vyuo vya ufundi vipo. Ila ada ni kubwa kuliko mfuko wa utingo, na mwenye kazi anataka barabara iishe kabla ya masika. Kwa hiyo "panda wewe" bado inasikika.

Mimi siipingi leseni, naitaka sana. Ninachokataa ni kuikumbuka baada ya ajali tu, tena kwa kumnyooshea kidole aliyelala wodini. Binamu yangu sasa anatembea na gongo. Msimamizi wake yuko kwenye barabara nyingine, na huko nako, bila shaka, kuna utingo.